Taa ya Tangi la Mimea: Anza na Mwanga Kidogo

Balbu ya LED ya wati 9, ile iliyopangwa rafuni katika kila duka la hadiwea la mji wa mpakani wa Busia, kuanzia Sofia upande wa Uganda hadi Burumba upande wa Kenya, inatosha kukuza mimea ndani ya tangi la samaki la lita 50. Naanza na jibu kwa sababu wengi huingia katika ufugaji huu wakiwa na hofu ya taa. Wamesikia habari za taa maalumu za akwariamu zinazoagizwa Nairobi au Kampala, bei yake wameiona, wamekata tamaa. Kisha mtu huruka upande wa pili: akiikosa ile ya ghali, ananunua taa ya kumulika uani, wati 50, anaining'iniza juu ya kioo na kuiacha iwake kutwa. Wiki tatu haziishi maji yamegeuka rangi ya sukuma wiki iliyosagwa, na majani ya mimea yamevaa utando wa utelezi.

Utando huo ni mwani, na mwani ndio mshindani wa kweli wa mtu anayeanza. Mmea wa majini unahitaji vitu vitatu kwa pamoja: mwanga, hewa ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka majini, na virutubisho. Kikipungua kimoja, vile viwili vingine hukosa kazi. Katika tangi la kawaida, lisilo na mtungi wa kuingiza kaboni dioksidi, gesi hiyo ni haba. Inatoka kwenye pumzi za samaki na bakteria, na kidogo kutoka hewani. Ukimwaga mwanga mwingi juu ya mmea wenye njaa ya kaboni, mmea hauna la kuufanyia. Mwani, usiodai mengi, unauchukua wote. Ndiyo maana nasema matangi mengi ya wanaoanza huharibiwa na mwanga uliozidi, na ni machache mno yanayoharibiwa na mwanga uliopungua.

Mmea kwanza, taa baadaye

Ukienda kununua taa kabla hujajua utapanda nini, unanunua kwa kubahatisha. Chagua kwanza mimea isiyo na makuu. Anubias inatoka Afrika Magharibi na ya Kati, kwenye kingo za vijito vya msituni ambako jua halifiki sawasawa. Jani lake ni gumu, kijani kizito, na hukua taratibu mno; wiki kadhaa zinaweza kupita kabla hujaona jani jipya moja. Shina lake nene linalolala usilizike mchangani, litaoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti, mizizi itashika yenyewe. Kangaga la Java, linalouzwa kwa jina la Java fern, linatendewa vivyo hivyo. Cryptocoryne kutoka Asia hupandwa mchangani, na ikihamishwa hupenda kuyeyusha majani yake yote kwa siku chache hadi mtu akadhani imekufa. Haijafa. Iache hapo hapo ilipo, itachipua.

Miwili mingine hatuhitaji kuiagiza mbali: Vallisneria, yenye majani marefu membamba yanayosimama kutoka chini hadi juu ya maji, na Ceratophyllum, ile isiyo na mizizi, yenye vijani vya sindano, inayoelea tu na kukua kwa kasi. Yote miwili huota yenyewe katika Ziwa Victoria. Kwa mkaaji wa Busia, ziwa si safari: Majanji iko upande wa Uganda, Sio Port upande wa Kenya. Maji ya kandokando ya ziwa mara nyingi ni ya kijani kilichotibuka, na mwanga unaofika chini ni mdogo, lakini mimea hii inaishi humo. Mmea uliozoea hali hiyo hautakudai taa ya uwanja wa mpira. Ceratophyllum hasa ndiyo ninayomshauri kila anayeanza aitie ndani siku ya kwanza, hata kama sura yake haimvutii. Inakula virutubisho upesi na kumwachia mwani makombo.

Kuna jambo la kutahadhari hapa, na sitalipitia juu juu. Ziwa na vijito vyake vina kichocho. Konokono wadogo wa jenasi Biomphalaria, wenye gamba bapa lililojiviringa, hushika majani ya mimea hiyo hiyo unayoitaka, na kutoka kwao hutoka vimelea vinavyopenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Usiingie na miguu mitupu kwa ajili ya mmea. Vaa buti na glavu, au bora zaidi, omba matawi kwa mtu ambaye tangi lake limekaa miezi mingi bila kuongezewa kitu kutoka nje. Ukilazimika kuchukua ziwani, maji uliyobebea yamwage kwenye ardhi kavu, sugua kila jani kwa mkono wenye glavu, toa kila konokono unayemwona, kisha loweka mimea katika ndoo ya maji yenye shabu na uitenge kwenye ndoo nyingine kwa wiki nne ukiichunguza. Konokono atakayeanguliwa ndani ya ndoo yako safi hana vimelea, kwa kuwa konokono huvipata kwenye maji yaliyochafuliwa na kinyesi au mkojo wa mgonjwa. Wa kuogopwa ni yule mkubwa uliyekuja naye.

Gugumaji liache liliko, hata kama ua lake la zambarau linakupendeza. Lilianza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo wavuvi wa pande zote wanalihangaikia. Ndani ya tangi nalo litafunika maji na kuzima mwanga wote uliolipia. Mimea ya kuvusha mpakani nayo ina taratibu zake: upande wa Kenya ukaguzi wa mimea ni kazi ya KEPHIS, na upande wa Uganda ni wizara ya kilimo. Kituo cha pamoja cha mpaka wa Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, maofisa wa nchi zote mbili wamo ndani ya jengo moja, kwa hiyo kuuliza si kazi. Usipitishe mfuko wa mimea kwa njia ya panya.

Ile mimea ya zulia inayotambaa chini, na ile myekundu unayoiona kwenye picha za Wajapani na Wajerumani, iache kwa sasa. Inataka mwanga mkali pamoja na mtungi wa kaboni dioksidi, na huo ni ufugaji mwingine kabisa.

Kusoma boksi la balbu

Chukua tangi linalotengenezwa sana na mafundi wa vioo: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30. Hesabu yake ni lita 54, na ukitoa changarawe na nafasi ya juu unabaki na lita 45 hivi. Kwa mimea niliyoitaja, lumeni 15 hadi 20 kwa kila lita zinatosha. Hiyo ni lumeni 700 hadi 900. Geuza boksi la balbu ya LED ya wati 9 utakuta imeandikwa lumeni 800 na kitu. Hesabu imekubali.

Angalia lumeni, wati ziache kwanza. Wati zinakuambia balbu inakula umeme kiasi gani, lumeni ndizo zinazosema inatoa mwanga kiasi gani. Vitabu vya zamani vya akwariamu vilikuwa na kanuni ya wati kwa kila galoni, na bado kuna watu wanaoirudia. Kanuni hiyo ilitungwa wakati wa tyubu za fluoresenti. Ukiitumia kwenye LED, ambayo kwa wati moja hutoa lumeni 80 hadi 100 au zaidi, utaweka mwanga mara mbili ya unaohitajika, kisha utamlaumu samaki.

Halafu tafuta kelvini. Balbu ya kelvini 2700 au 3000 ni ya manjano, ya 6500 ni nyeupe inayokaribia mchana. Mmea utakua chini ya zote mbili, usidanganywe. Ila macho yako yatapenda 6500, maji yataonekana safi na kijani kitakuwa kijani. Taa za zambarau zinazouzwa za kukuzia miche zinakuza pia, lakini nani anataka kukaa sebuleni akitazama samaki wa rangi ya wino? Ile mikanda inayobadilika rangi kwa rimoti ni ya baa.

Kama boksi lina alama ya CRI au Ra, chukua ya 80 kwenda juu. Alama hiyo inaeleza jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa uhalisi, na kwa samaki wetu rangi ni suala zito. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya furu wa Ziwa Victoria. Waligundua kuwa maji yanapotibuka na wigo wa mwanga kusinyaa, majike hushindwa kutofautisha rangi za madume, na spishi zilizokuwa mbalimbali huanza kuchanganyika. Dume wa Pundamilia nyererei, samaki aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, ana mgongo mwekundu ambao chini ya taa duni huonekana kahawia tu. Sisemi ufuge furu katika tangi lako la kwanza la mimea. Madume wao huchimba mchanga na kung'oa kila ulichopanda. Gapi na moli wanakutosha.

Sasa suala la balbu bandia. Maduka mengi ya hadiwea yana holda ya kujaribia pale kaunta, na huo ndio ukaguzi wako. Mazungumzo huwa ya hivi:

"Mama, naomba uniwashie hii ya wati 9 na ile ya wati 5, zote pamoja."

"Zote nzuri, mwanangu."

"Najua, mama. Nataka nione tofauti tu."

Kama hakuna tofauti, hiyo ya wati 9 ni ya wati 9 kwenye boksi peke yake. Ishike pia mkononi: balbu nyepesi mno isiyo na chuma cha kupozea ndani ya kitako haidumu. Na kabla hujalipa hakikisha kitako chake, kama ni cha pini au cha skrubu, kinaingia kwenye taa uliyo nayo nyumbani. Nchi zote mbili zinatumia volti 240 na plagi ya miguu mitatu bapa, kwa hiyo ukinunua ng'ambo ukaja kuitumia huku hakuna shida.

Kuna kipimo kimoja zaidi, nacho ni cha bure. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga karibu na spika ya sikioni, na zipo programu zisizolipiwa zinazosoma laksi kupitia kihisi hicho. Kabla ya kutia maji, washa taa juu ya tangi tupu usiku, laza simu chini kabisa kioo kikitazama juu, usome. Ukipata laksi 1500 hadi 2500 uko sawa kwa Anubias na wenzake. Ukipata 6000, inua taa. Kwa kulinganisha, jua la mchana wa hapa hupita laksi 100,000, jambo ambalo nitalirudia baada ya muda mfupi. Simu si chombo cha maabara, lakini inakutoa kwenye kubahatisha.

Kuifunga juu ya maji

Balbu tupu inapoteza mwanga wake mwingi pembeni. Inahitaji kofia. Taa ya meza yenye shingo ya kupinda inafaa kabisa kwa tangi fupi la sentimita 30 au 40. Kwa lile la sentimita 60, balbu moja katikati huacha pembe zote mbili na giza, na hapo una njia mbili: panda Anubias kwenye pembe hizo, au tumia tyubu ya LED ya futi mbili, wati 9 au 10, inayomwaga mwanga sawasawa urefu wote. Mimi napendelea tyubu. Fundi wa madirisha ya aluminiamu anaweza kukukatia kifuniko kutoka kwenye mabaki yake. Mwambie apake rangi nyeupe upande wa ndani, na aweke matundu ya kutolea joto.

Taa iwe juu ya maji kwa sentimita 15 hadi 30, na uweke kioo cha kufunika katikati ya taa na maji. Balbu ya nyumba haina kinga ya maji. Ukitaka yenye kinga tafuta alama ya IP65: tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, ya pili maji, na 5 maana yake inahimili maji ya kurushwa, lakini haikuruhusu kuizamisha. Waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia kwenye plagi, ili tone linaloteleza juu ya waya lidondokee sakafuni. Soketi ya kuunganishia isilale sakafuni chini ya tangi. Na usitie mkono majini taa ikiwa inawaka. Zima, chomoa, kisha ingiza mkono. Sheria hii haina siku ya mapumziko.

Ukikaa kando ya barabara ya malori, iwe Malaba au kwenye foleni ya Busia, vumbi litakula mwanga wako bila kukuambia. Futa kioo cha kufunika na uso wa taa kila wiki kwa kitambaa kikavu.

Jua la Ikweta

Watu huniuliza kwa nini wasitumie dirisha, jua ni la bure. Ni la bure na ni kali mno. Busia iko takriban nusu digrii kaskazini mwa Ikweta, Tororo zaidi kidogo, na mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, tofauti ni dakika chache. Mfugaji wa Ulaya huhangaika na giza la Desemba. Wetu ni wasiwasi wa kinyume.

Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi kila mwezi, la magharibi hupata la alasiri. La kaskazini na la kusini hupokezana: karibu na Juni jua liko kaskazini yetu na hupenya dirisha la kaskazini, karibu na Desemba liko kusini. Kwa hiyo tangi uliloliweka Februari karibu na dirisha la kaskazini, ukaona pametulia, Juni linaweza kupigwa na miale kwa saa kadhaa, na utabaki unajiuliza mwani umetoka wapi. Veranda yenye paa refu huzuia mengi ya haya. Angalia pia bati la kupitisha mwanga kama paa lako linalo. Miale yake hutembea sakafuni kutwa.

Weka tangi kwenye ukuta usiofikiwa na miale ya moja kwa moja, ndipo taa yako iwe ndiyo inayotawala. Joto la huku halihitaji hita, na LED haichemshi maji, lakini tangi la lita 50 lililopigwa jua la saa tisa alasiri linachemka kweli, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo.

Saa za kuwasha

Mwezi wa kwanza, saa 6 kwa siku. Usiongeze. Mimea mipya haijashika mizizi, bakteria hawajakaa, na kila dakika ya ziada ni ya mwani. Kuanzia mwezi wa pili ongeza nusu saa kwa wiki ukiona mimea inachipua, na ukifika saa 8 simama. Kuwasha saa 12 kwa sababu samaki wanapendeza ni kuwafurahisha wageni.

Mimi huona saa kumi jioni hadi saa nne usiku ni muda mzuri kwa mtu anayefanya kazi mchana, maana utakuwepo kulitazama tangi. Nunua saa ya soketi, ile taima ya kuchomeka ukutani inayowasha na kuzima yenyewe. Kumbukumbu ya binadamu haiaminiki, na mimea hupenda ratiba. Ila za kuzungusha kwa mkono zina udhaifu wake huku kwetu: stima ikikatika, nazo husimama. Ikikatika kwa saa mbili, taa yako itachelewa kuwaka kwa saa mbili kila siku hadi urekebishe, na baada ya mwezi wa kukatika katika utaikuta inawaka alfajiri. Irekebishe kila Jumapili, au nunua ya kidijitali yenye betri ndani.

Gharama ya umeme isikutishe. Wati 9 kwa saa 6, siku 30, haifiki yuniti 2 kwa mwezi, iwe unanunua tokeni upande wa Kenya au Yaka upande wa Uganda. Ile taa ya uani ya wati 50 kwa saa 12 ni yuniti 18.

Radi na kukatika kwa umeme

Hapa ndipo ushauri wa vitabu vya nje unapoishia, kwa sababu waandishi wake hawakuishi chini ya Mwamba wa Tororo. Kati ya 1967 na 1976 Tororo ilirekodi wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na takwimu hiyo ikaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Busia nayo iko chini ya mawingu yale yale ya alasiri. Kinachoua taa za LED huku mara nyingi ni msukosuko wa umeme unaoingia kwa waya, hasa pale stima inaporudi kwa kishindo, wakati taa yenyewe ingali na miaka ya kuishi.

Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kumwambia anayeanza aache taa ya ghali. Ikiungua balbu ya dukani, unavuka barabara unanunua nyingine jioni hiyo hiyo. Ikiungua taa iliyoagizwa mbali, kibadilishi chake cha umeme hukipati Busia wala Tororo, na tangi linakaa kiza wiki mbili. Weka balbu moja ya akiba kabatini. Ukisikia ngurumo inakaribia, chomoa taa na pampu. Kuzima kwenye swichi ya ukutani hakutoshi. Nunua pia kile kilinzi cha volti kinachotumika kwenye friji kama uwezo upo.

Umeme ukikatika, taa ndiyo ya mwisho kuihangaikia. Mimea huvumilia siku moja au mbili bila mwanga pasipo dalili yoyote. Samaki ndio watakaokosa hewa pampu ikisimama muda mrefu, kwa hiyo betri yako ipe pampu kwanza.

Wanaotumia sola wana nafuu yao. Taa ya volti 12 inayotoka moja kwa moja kwenye betri ni salama zaidi karibu na maji kuliko ya volti 240. Mkanda wa LED mweupe wa wati 5 kwa saa 6 unakula wati-saa 30; betri ndogo ya volti 12 na amperi-saa 7 ina wati-saa 84, kwa hiyo hata siku ya mawingu haitashuka chini ya nusu, mradi usiichajie simu za mtaa mzima. Zile balbu ndogo za vifurushi vya sola za nyumbani, wati 1 au 2, zinatosha chupa pana ya lita 10 yenye Anubias na Ceratophyllum kidogo.

Jani litakuambia

Baada ya kuwasha, acha kuitazama taa, tazama jani jipya. La zamani liliota kwa mtu mwingine, chini ya taa nyingine. Likinyauka halikuambii lolote kuhusu taa yako. Majani mapya yakitoka membamba, mashina yakirefuka kuelekea juu na nafasi kati ya jani na jani ikiwa kubwa, mwanga umepungua. Shusha taa sentimita 5. Vitone vigumu vya kijani vikishika kioo na majani ya Anubias, au nyuzi za kijani zikining'inia, mwanga umezidi au saa zimezidi. Punguza saa kwanza, ni rahisi kuliko kupanda ngazi. Maji yote yakiwa ya kijani, tafuta jua linapoingilia. Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole katika wiki za mwanzo ni kawaida ya tangi jipya na litaondoka lenyewe. Usibadilishe kitu kwa ajili yake.

Badilisha jambo moja kwa wakati, kisha subiri wiki mbili. Anayeshusha taa, akaongeza saa na kutia mbolea siku moja hatajua lipi lililouponya mmea wala lipi lililouua.

Jioni moja, taa ikiwa imewaka saa tatu au nne, utaona vipovu vidogo vya fedha vimeshika kwenye ncha za Ceratophyllum na kupanda juu kimoja kimoja. Hiyo ni oksijeni ambayo maji yameshindwa kuimeza. Taa yako imetosha, usiiguse tena.

Mimea ikishakubali, itabidi uipunguze kila baada ya wiki chache, na Ceratophyllum itajaza ndoo. Usizitupe takataka hizo mtoni wala mferejini, wala samaki waliokushinda. Mto Sio unamwaga Ziwa Victoria, Malaba unaelekea Kyoga, na kitakachoingia humo hakirudishwi. Ianike mimea juu ya bati hadi ikauke kabisa, kisha itie kwenye shina la mgomba. Hilo nawaomba wenzangu wa pande zote mbili za mpaka.